Mbuzi kwenye gunia: jinsi ufalme wa Torland ulivyofumua bomu lake mbele ya wageni

Juni 2009, Ufalme wa Torland uliwafungulia mlango wakaguzi kutoka Jamhuri ya Luvania. Kazi ilikuwa moja: kushuhudia bomu la nyuklia la kudondoshwa kutoka ndegeni, aina ya Odin, likifumuliwa mpaka lisiwe bomu tena. Wageni walifunga lakiri, wakapiga picha, wakapima mionzi, wakavutana na wenyeji kuhusu milango na mavazi. Kilichokuwa ndani ya bomu hawakuruhusiwa kukichungulia.

Ukiitafuta Torland kwenye ramani utaumiza macho bure. Ni nchi ya kubuni, na Luvania vilevile. Aliyevaa taji la Torland alikuwa Norway, nchi ambayo haijawahi kumiliki bomu hata moja. Aliyejifanya jamhuri isiyo na bomu alikuwa Uingereza, mwenye mabomu tangu 1952. Mazungumzo yalianza 2007 kati ya maabara za Norway, Wizara ya Ulinzi ya Uingereza na kituo chake cha silaha za atomiki cha Aldermaston, huku taasisi ya VERTIC ya London, inayoshughulikia uhakiki wa mikataba, ikikaa kama mtazamaji. Desemba 2008 wakaguzi walifanya ziara ya kuzoea mazingira, Juni iliyofuata wakaja kwa kazi yenyewe, na 2010 ripoti ikawekwa mezani New York kwenye mkutano wa mapitio ya Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia.

Wapo wanaoliona zoezi hili kama mchezo wa kuigiza wa watu wazima. Hawajaelewa. Ufalme huu usiokuwepo umefika mahali ambapo mikataba halisi ya miaka arobaini haikuthubutu kufika, na kushindwa kwake kunafundisha kuliko kufaulu kwake. Tena swali ulioliacha wazi linatuhusu sisi tusio na mabomu kuliko wao walio nayo.

Tuanze na kwa nini ilibidi nchi itungwe. Kifungu cha 1 cha Mkataba huo wa Kuzuia Kuenea kinamkataza mwenye bomu kumsaidia asiye nalo kulitengeneza, kwa namna yoyote ile. Kifungu cha 2 kinamkataza asiye nalo kuupokea msaada huo. Sasa msimamishe mkaguzi wa Norway kando ya kichwa halisi cha nyuklia cha Uingereza. Kipenyo cha kasha ni siri. Uzito ni siri. Mionzi inatoka kwa nguvu upande upi, hiyo nayo ni siri, maana inadokeza umbo la kilichomo. Mkaguzi mwenye macho mazuri akiondoka na hayo kichwani, nchi zote mbili zimevunja mkataba zilioutia saini. Ndiyo maana bomu likawa la bandia na mmiliki wake akawa wa bandia. Na wataalamu wa Aldermaston, wanaozijua siri zote, wakapewa viatu vya mtu asiyejua kitu, wasimame nje ya mlango waone inavyouma.

(Nchi hizi mbili zina mafaili yao ya kweli pia. Mwaka 1959 Norway iliiuzia Israel tani 20 za maji mazito, yanayotumika kwenye vinu vya nyuklia, na shehena ile ilisafirishwa kutokea Uingereza. Torland haikuwa na madoa ya namna hiyo. Hiyo ndiyo raha ya kubuni nchi.)

Tunaonywa tangu utotoni tusikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Uhakiki wa kuvunja bomu ni biashara hiyohiyo, tena ina sharti juu yake: gunia halifunguliwi. Mnunuzi aridhike kwamba ndani kuna mbuzi, si mbwa wala si jiwe. Muuzaji naye aridhike kwamba mnunuzi hakuijua rangi ya mbuzi, wala uzito, wala alilishwa nini. Akishachinjwa, mnunuzi athibitishe kwamba aliyechinjwa ndiye yule aliyeingia kwenye gunia asubuhi, hakubadilishwa njiani.

Mikataba mikubwa ililikwepa swali hili. Ule wa INF wa 1987, wa makombora ya masafa ya kati, kati ya Marekani na Umoja wa Kisovyeti, uliteketeza makombora 2,692: 846 ya Marekani na 1,846 ya Wasovyeti. Wakaguzi walisimama pale yakilipuliwa na kukatwakatwa. Lakini mkataba wenyewe uliruhusu kila upande kuchomoa kichwa cha nyuklia kabla kombora halijafikishwa machinjioni. Lililoteketezwa ni gari. Abiria alishushwa njiani akarudi nyumbani. Mkataba wa New START wa 2010, kati ya Marekani na Urusi, uliweka ukomo wa vichwa 1,550 vilivyo tayari kurushwa, ukaruhusu kaguzi 18 kwa mwaka. Mkaguzi alihesabu vichwa vikiwa vimefunikwa. Kifaa cha kupima nyutroni alichobeba kilikuwa cha kuthibitisha kinyume: kwamba kitu kilichotangazwa kuwa si cha nyuklia, kweli si cha nyuklia. Kuonyesha kwamba gunia halina mbuzi ni rahisi, unalitikisa tu. Maelfu ya vichwa vya Marekani vimefumuliwa kiwandani Pantex, Texas, na hakuna mkaguzi wa nje aliyesimama pale chini ya mkataba wowote.

Kwa nini wasipime tu? Jibu lilipatikana Julai 1989 kwenye Bahari Nyeusi. Wanasayansi wa Marekani, kwa ruhusa ya Wasovyeti, walipanda manowari Slava wakaweka kitambuzi cha mionzi cha germaniamu juu ya bomba la kurushia kombora. Mistari ya urani-235 na plutoniamu-239 ikajitokeza kwenye grafu, wazi kama mwandiko. Mpaka hapo vizuri: mbuzi yumo. Lakini grafu hiyohiyo ilikuwa na alama hafifu ya urani-232, na kwa mtaalamu alama hiyo inasema urani ile iliwahi kupita ndani ya kinu cha nyuklia kabla ya kuwa bomu. Hakuna aliyeuliza historia ya urani. Kipimo kilijibu maswali ambayo hayakuulizwa, na hilo ndilo tatizo la kipimo kizuri.

Torland ilikabili jambo hili kwa kuweka kobalti-60 mahali pa plutoniamu. Ni kobalti ileile ya mashine za tiba ya saratani. Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, imeitumia kwa miaka mingi. Inatoa mionzi ya gama kwenye mistari miwili isiyofichika, ya kiloelektronivolti (kipimo cha nishati) 1,173 na 1,332. Kwa mistari miwili iliyoachana hivyo hata kitambuzi cha bei nafuu cha sodiamu ayodaidi kinatosha. Kwenye bomu halisi hakitoshi. Anayetaka kujua kama plutoniamu ni ya daraja la silaha analinganisha plutoniamu-240 na plutoniamu-239, na mistari inayofaa kwa kazi hiyo imekaa mmoja karibu na 642 na mwingine karibu na 646. Sodiamu ayodaidi hukosea kwa makumi ya vipimo hivyo, kwa hiyo mistari yote inaungana kuwa kilima kimoja. Germaniamu hukosea kwa kama viwili tu. Ila germaniamu haifanyi kazi mpaka ipoozwe kufikia ubaridi wa naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, karibu nyuzi 196 chini ya sifuri. Ikipata joto katikati ya kazi, kipimo kinasubiri saa kadhaa. Ratiba nyingi za makaratasi huishia hapo.

Juu ya kitambuzi wakaweka kile wanachokiita kizuizi cha taarifa, tukiite pazia. Ndani ya boksi kompyuta ndogo inaisoma grafu yote, inaiuliza swali moja lililokubaliwa kabla, kisha inaitupa. Nje kuna taa mbili. Kijani: kilichotangazwa kimo. Nyekundu: hakikuonekana. Grafu haionyeshwi kwenye skrini yoyote, namba hazihifadhiwi, na kipimo kikiisha hakuna kinachobaki. Wahandisi wa pande zote walikubaliana vifaa viwe vya kawaida kadiri iwezekanavyo, maana kila kipuli kisicho cha lazima ni mahali pa kujificha ujanja.

Taa ya kijani ikiwaka kila mtu anatabasamu. Mtihani ni nyekundu. Inawezekana mwenyeji anadanganya. Inawezekana kasha liliwekwa mbali zaidi ya ilivyokubaliwa, na mionzi hupungua kwa mraba wa umbali: ukiongeza umbali maradufu, inayofika ni robo. Huenda kuna chanzo kingine cha mionzi chumba cha jirani. Au germaniamu haijapoa, au betri imeshuka, au programu ina hitilafu. Fundi yeyote angeanza kwa kuitazama grafu. Hapa grafu ndiyo iliyotupwa. Pazia linaloficha siri ya mwenyeji linaficha pia sababu ya kosa, na upande ulio safi unabaki na taa nyekundu isiyo na maelezo, mbele ya wageni waliokuja na mashaka yao tayari. Dawa iliyopo ni kuipima mashine kabla na baada, kwa chanzo cha mionzi kinachojulikana, mbele ya wote wawili. Inapunguza mzozo, haiuondoi.

Halafu nani aje na mashine? Ikiletwa na mgeni, mwenyeji ataogopa kwamba imefichwa kinasa-siri. Ikiletwa na mwenyeji, mgeni ataogopa kwamba imefundwa kuwasha kijani kila mara. Ikishawekwa karibu na bomu hairuhusiwi kutoka tena, kwa hiyo mgeni hawezi kwenda kuifumua kwao ahakikishe. Njia iliyokubalika ni kuisanifu pamoja, kisha kuzitengeneza mashine kadhaa zinazofanana na kuchagua kwa kura: moja inaingia kwa bomu isitoke, nyingine mgeni anaondoka nayo akaitenganishe skrubu kwa skrubu. Mwenyeji mwenye nia mbaya hajui ipi itaangukia wapi, hivyo kuichezea mojawapo ni kamari. Hili ni wazo zuri kuliko yote yaliyotoka kwenye kazi ile. Wala halihitaji sayansi ya juu. Mama anayemwambia mtoto mmoja akate andazi na mwingine achague kwanza anaijua kanuni hii.

Kipimo huchukua dakika. Siku nzima inaliwa na lakiri. Kasha la bomu likitolewa ghalani linafungwa lakiri na kupigwa picha. Likifika kituo cha kufumulia, lakiri inakaguliwa na kulinganishwa na picha. Chumba cha kazi kinapekuliwa na kupimwa mionzi kikiwa kitupu, kusiwe na kasha jingine lililofichwa nyuma ya ukuta wa mbao. Bomu linaingia, wakaguzi wanatoka, milango yote inafungwa na kusimamiwa, hata mfereji wa hewa. Ndani mafundi wanafanya kazi peke yao. Baada ya hapo yanatoka makasha zaidi ya moja: lenye nyenzo za mionzi upande wake, lenye baruti upande wake, lenye vyuma na nyaya upande wake. Kila moja linapimwa. La mionzi liwashe kijani. Mengine yasioneshe mionzi. Kisha chumba kinapekuliwa tena, kionekane kitupu kama asubuhi.

Dereva wa lori la transiti kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi anajua kazi ya lakiri kuliko wanadiplomasia wengi. Lakiri haimzuii mwizi, mkasi unaikata. Kazi yake ni kumfanya mwizi ashindwe kuificha kazi yake. Kwa hiyo lakiri isiyokaguliwa ni pambo, na lakiri isiyokuwa na alama za kipekee ni pambo zaidi, maana inakatwa na kubandikwa nyingine. Picha ya kwanza ikipigwa kwa mwanga wa mchana na ya pili kwa taa ya ghala, kwa pembe nyingine, alama zilezile zinaonekana tofauti. Ubishi unaanza, na hakuna wa kuuamua. Ongeza hili: mkaguzi haingii na kamera yake. Kamera ni ya mwenyeji, picha zinapitiwa na mwenyeji kwanza kisije kikaonekana kisichotakiwa, ndipo mgeni apewe. Ushahidi wako umelala mfukoni mwa unayemchunguza.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania imefuta hukumu za dawa za kulevya si mara moja kwa sababu mnyororo wa utunzaji wa vielelezo ulikatika: kielelezo kilitoka kwa askari huyu kikafika kwa mkemia yule, na katikati hakuna karatasi. Unga ulikuwa unga, lakini hakuna aliyeweza kuapa kwamba ni unga uleule. Bomu nalo liko hivyo. Mnyororo ukikatika kwa dakika kumi tu, kipimo cha jana hakina thamani leo.

Usalama kazini ndio ulikuwa mwiba mwingine, na hapa ndipo mwenye hila angejificha kwa raha. Kiwanda chenye baruti na mionzi kina sheria zake: usiingie na simu, usisimame pale, leo hakuna kazi kwa sababu ya radi. Kila sheria ni ya kweli. Na kila moja inaweza kuwa kisingizio. Mkaguzi akiambiwa "hapana, ni kwa usalama wako," hana namna ya kutofautisha mwenyeji mwangalifu na mwenyeji anayenunua muda. Njia pekee ni kuyamaliza hayo mezani miezi kabla, sheria kwa sheria, na kukubaliana nini kitafanyika kazi ikisimama: nani anabaki analinda mlango, kwa saa ngapi. Ziara ya Desemba 2008 ilikuwa na maana hiyo. Nchi itakayoona ziara ya namna hiyo ni kupoteza nauli itajuta siku ya tatu ya ukaguzi.

Tuje kwenye shimo kubwa. Lakiri, picha, taa na upekuzi vyote vinathibitisha kwamba kasha lililoingia ndilo lililotoka likiwa limefumuliwa. Havithibitishi kwamba kasha la kwanza kabisa lilikuwa na bomu. Torland ilisema "hii ni Odin," na kila kilichofuata kilijengwa juu ya neno hilo. Taa ya kijani inaposema kuna plutoniamu ya daraja la silaha, haisemi kwamba plutoniamu hiyo imekaa kwenye bomu linaloweza kulipuka. Nchi inayotaka kubaki na mabomu yake inaweza kuleta donge la plutoniamu ndani ya chuma chenye umbo la bomu, ikalifumua kwa sherehe, huku mabomu yamelala kwingine. Kwa mwenye akiba kubwa, plutoniamu si kitu cha kukosa.

Wapo waliojaribu kuliziba shimo kwa fizikia. Mwaka 2014 Alexander Glaser, Boaz Barak na Robert Goldston walipendekeza kulinganisha kasha na bomu lingine ambalo uhalisi wake umekubalika, kwa vitambuzi vya nyutroni vilivyotiwa mapovu mapema, kiasi kwamba vitu viwili vikifanana matokeo yanakuwa tambarare, hayana cha kusoma. Ni kazi nzuri. Lakini ona sharti lake: bomu ambalo uhalisi wake umekubalika. Hilo la kwanza nalo lilithibitishwaje? Tunarudi palepale. Kwa maoni yetu jibu halimo maabara, limo kambini. Mkaguzi achague mwenyewe, kwa kushtukiza, silaha iliyopachikwa kwenye kombora au inayolala kwenye ghala la kikosi, mahali ambapo jeshi haliweki bandia kwa sababu linategemea kuitumia. Mnyororo uanzie hapo. Ukianzia kwenye mlango wa kiwanda cha kufumulia, umeanza umechelewa.

Kwamba shahidi ni muhimu kuliko uvunjaji wenyewe si nadharia. Azimio 687 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Aprili 1991, liliitaka Iraq iangamize silaha zake za maangamizi chini ya usimamizi wa kimataifa. Miezi michache baadaye Iraq iliziangamiza nyingi kwa siri, bila mkaguzi na bila kumbukumbu za kutosha. Miaka kumi na mbili iliyofuata ilienda kwenye hesabu isiyofungika: zilikuwa ngapi, zimefukiwa wapi, nani aliona. Mapema 2003 Wairaqi walikuwa wanafukua vipande vya mabomu ya R-400 kwenye eneo la Al-Aziziyah ili wathibitishe kwamba waliyavunja kweli. Machi vita ikaanza. Baada ya vita akiba iliyotafutwa haikuonekana. Silaha zilizovunjwa bila shahidi ziliendelea kuwepo kwenye makaratasi ya watu, na makaratasi hayo yaliua.

Afrika Kusini iliponea kwenye tundu la sindano. Ilikuwa na mabomu sita kamili na la saba likiwa halijakamilika. Februari 1990 Rais F. W. de Klerk aliagiza yafumuliwe. Hakuna mgeni aliyeitwa, na michoro mingi ikachanwa. Nchi ikajiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea tarehe 10 Julai 1991, na dunia haikuambiwa mpaka 24 Machi 1993. Kilichoiokoa ni uhasibu. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA) walipofika walikuta kumbukumbu za uendeshaji wa kiwanda cha kurutubisha urani cha Valindaba, za miaka na miaka, wakakaa nazo wakapiga hesabu: kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilitoka, kiasi gani kilibaki kama taka. Serikali iliwaruhusu kwenda popote wakati wowote, na mashimo mawili ya majaribio kule Vastrap, jangwa la Kalahari, yalizibwa wakiwa wanatazama. Wangechana na vitabu vya kiwanda pamoja na michoro, leo bado tungekuwa tunabishana.

Majina ya mahali hapo yana kejeli yake. Valindaba linatokana na kufunga mazungumzo, shauri lisisemwe. Pelindaba, jirani yake, ni shauri limekwisha. Mkataba wa Afrika bila silaha za nyuklia ulichukua jina la pili, ukafunguliwa kwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996, ukakaa miaka kumi na tatu ukisubiri idadi ya nchi itimie. Aliyeitimiza, wa 28, alikuwa Burundi, tarehe 15 Julai 2009. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo wageni wa Luvania walikuwa wanafunga lakiri Torland. Hakuna aliyepanga hivyo.

Watu wachache husoma kifungu cha 6 cha mkataba huo. Kinamtaka mwanachama yeyote aliyewahi kuunda bomu alitangaze, alifumue na kuliangamiza, na kinaruhusu IAEA pamoja na tume ya Afrika ya nishati ya nyuklia, yenye makao Pretoria, kuhakiki kazi hiyo. Kwa maneno mengine, Afrika imejiandikia kisheria nafasi ya Luvania. Mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia uliofuata, ulioanza kutumika 22 Januari 2021, unataja mamlaka ya kimataifa itakayohakiki lakini unaacha iteuliwe baadaye. Sisi tulikwisha kuitaja ya kwetu, kisha tukaiacha bila mazoezi.

Mazoezi yaliendelea kwa wengine. Oktoba 2017 Marekani, Uingereza, Norway na Sweden walifanya zoezi la pamoja kwenye kambi ya Honington, Uingereza. Septemba 2019 Ujerumani na Ufaransa walifumua bomu la bandia mjini Jülich, wakarudia 2022. Ushirika wa kimataifa ulioanzishwa na Marekani mwishoni mwa 2014 umegawa kazi yote katika hatua 14, na una nchi yake ya kubuni, Ipindovia. Nchi za kubuni zinaongezeka; bomu halisi lililofumuliwa mbele ya asiye nalo bado ni sifuri, katika dunia yenye vichwa zaidi ya 12,000.

Hoja kwamba sisi hatuna utaalamu haina miguu. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, pale Arusha, hupima mionzi kwenye vyakula kwa spektroskopia ya gama, sayansi ileile iliyokaa nyuma ya pazia la Torland. Mpimaji wa unga wa maziwa anajua kwa nini chumba kipimwe kikiwa kitupu kwanza, na kwa nini umbali usibadilike kati ya kipimo na kipimo. Maofisa wa forodha wa Tunduma na Malaba wanajua lakiri iliyochezewa inafananaje. Mawakili wetu wameshinda kesi kwa mnyororo uliokatika. Timu ya ukaguzi ni watu wa aina hiyo, pamoja na mkalimani mzuri na mtu mmoja mkaidi asiyechoka kuuliza mlango ule unaelekea wapi.

Kinachokosekana ni tume yetu ya Pretoria kuomba kiti kwenye zoezi lijalo, cha mkaguzi na siyo cha mtazamaji. Ikikipata, sharti la kwanza liwe ghala la kikosi: timu ianzie pale bomu linapolala, na siyo kwenye mlango wa kiwanda. Sharti hilo Torland haikuwahi kubanwa nalo, na Ipindovia isipobanwa nalo itaenda njia ileile. La pili liwe nakala moja ya mashine, iliyochaguliwa kwa kura, ya kuondoka nayo.

Odin wa Torland amezeeka. Nusu-maisha ya kobalti-60, yaani muda wa nguvu yake kushuka kwa nusu, ni miaka 5.27, hivyo kufikia 2025 kobalti ya umri ule ilikuwa imebakiza kama moja ya nane ya nguvu iliyokuwa nayo siku ya ukaguzi. Ya plutoniamu-239 ni miaka 24,100.